Sura ya Sita: Nyuma ya Kaunta

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifungiwa mashine aina ya ICT 1500, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza nchini. Ililetwa kwa ajili ya hesabu za serikali. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katikati ya matukio hayo mawili, mfumo wa hesabu za Hazina uliotegemea mashine ulikuwa umevurugika. Taarifa zilichelewa, zikatoka na makosa, na wengi wa walioelewa namna ya kuuendesha walikuwa wageni. Makarani wakarudi kwenye leja na kalamu.

Ningekuwa na mamlaka, kisa hicho kingefundishwa siku ya kwanza ya kila shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa katika Afrika Mashariki, kabla mtu hajafungua kompyuta yake. Mwanafunzi aulizwe swali moja tu: ni nini hasa kiliharibika pale Hazina? Mashine ilijua kujumlisha. Hakuna aliyewahi kuilaumu kwa kusema mbili na mbili ni tano. Kilichoharibika kilikuwa kwenye fomu zilizoingizwa, kwa mtu aliyezijaza, kwa aliyemfundisha kuzijaza, na katika ofisi iliyotarajia majibu ya mwezi huu kutoka kwenye karatasi zilizofika mwezi uliopita. Atakayejibu hivyo bila kusaidiwa ameshapita nusu ya shahada.

Na Hazina haikuwa peke yake. Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria mwaka 2003 kwamba kati ya miradi ya serikali mtandao katika nchi zinazoendelea, asilimia 35 hufa kabisa, asilimia 50 hufaulu nusunusu, na asilimia 15 tu ndiyo hufikia ilichokusudia. Ni makadirio, na yeye mwenyewe aliyatoa kama makadirio. Lakini sababu aliyoitaja inafanana sana na ya 1974: umbali kati ya ofisi aliyoiwaza msanifu na ofisi iliyopo. Umbali huo ukiwa mkubwa, pesa haziuzibi.

Wengi wanaoomba nafasi ya kusoma shahada hii hawaji kwa ajili ya hayo. Wanatoka benki, kampuni za simu, halmashauri, mamlaka ya mapato, vyuo vya kati. Wamekuwa wakifufua printa na kurudisha pasiwedi za mabosi kwa miaka kadhaa, na sasa wanataka cheo. Hilo si kosa. Cheo kina mshahara, na mshahara una ada za watoto. Nyumbani nako wanaeleweka vivyo hivyo: mjomba akisikia unasomea kompyuta ngazi ya pili, anakupa simu yake umwangalizie kwa nini inamaliza chaji. Basi mwanafunzi anaingia darasani jioni, ametoka kwenye foleni ya magari, akitarajia programu ngumu zaidi ya zile za shahada ya kwanza. Anakuta hifadhidata, ndiyo, na usalama wa taarifa, na usimamizi wa miradi. Halafu anakuta somo la njia za utafiti, na hapo ndipo jasho linapomtoka, kwa sababu anaulizwa kuhusu watu.

Asili ya taaluma hii ndiyo inayoeleza hali hiyo. Haikuzaliwa katika karakana ya wahandisi. Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilianzisha masomo yake ya uzamivu mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Gordon Davis, ndani ya shule ya biashara. Na jarida lake kuu, MIS Quarterly, lilianza huko huko mwaka 1977. Swali la waanzilishi wake lilikuwa la meneja: nitapata wapi taarifa za kuamulia, kwa wakati, na nitaziamini vipi? Mpaka leo shahada hii haina nyumba moja. Kuna vyuo vinavyoiweka na biashara na vingine vinavyoiweka na kompyuta. Nairobi imekuwa ikifundishwa na wanakompyuta wa Chiromo, Makerere iko katika chuo cha kompyuta na sayansi za habari, na Dar es Salaam masomo ya namna hii yako Kijitonyama, mbali kidogo na kilima cha Mlimani. Kabla ya kulipa ada, soma orodha ya kozi, usiishie kwenye jina la shahada. Majina yanafanana, yaliyomo hayafanani.

Sasa nifike kwenye kinachonikera.

Chukua tasnifu kumi za mifumo ya taarifa kutoka rafu ya maktaba yoyote ya vyuo vyetu. Nyingi zitakuwa na kichwa cha aina moja: mambo yanayoathiri kukubalika kwa mfumo fulani katika taasisi fulani. Ndani kuna mchoro wa masanduku na mishale, kuna dodoso, kuna majedwali ya programu ya takwimu ya SPSS. Mchoro wenyewe, mara nyingi, ni wa Fred Davis (si Gordon wa Minnesota), au wa waliomfuata.

Davis alichapisha kazi yake mwaka 1989. Alisema mtu hutumia mfumo kwa kutegemea mambo mawili: kama anaona utamfaa kazini, na kama anaona hautamsumbua. Ni wazo safi, na lina nguvu kwa sababu ni dogo. Lakini tazama lilikotoka. Aliwauliza wafanyakazi 112 wa IBM mjini Toronto kuhusu programu ya barua pepe iitwayo PROFS na nyingine ya kuhariri mafaili iitwayo XEDIT. Kisha akawauliza wanafunzi 40 wa uzamili wa biashara mjini Boston kuhusu programu mbili za kuchora chati na michoro. Jumla watu 152, na wote wangeweza kuiacha programu wasipoipenda. Hakuna aliyekatwa mshahara kwa kutotumia XEDIT.

Mhasibu wa halmashauri hana uhuru huo. Ameambiwa kuanzia tarehe fulani malipo hayapiti nje ya mfumo. Halafu anakuja mwanafunzi na dodoso lenye sentensi "Nina nia ya kuendelea kutumia mfumo huu", achague kuanzia moja mpaka tano. Atachagua nini? Ataweka tano, tena haraka, maana hajui karatasi hiyo itaishia mezani kwa nani. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Fred Davis akiwamo, walitoa nadharia pana zaidi iliyotia hesabuni suala la hiari, pamoja na umri, jinsia na uzoefu. Wanafunzi wetu wakahamia huko. Dodoso likarefuka kwa kurasa mbili, na mhasibu akaendelea kuweka tano.

Baada ya mchoro huja sampuli, na hapo anatawala Taro Yamane. Kanuni yake ya mwaka 1967 inajulikana vyuoni kwetu kuliko nyimbo za taifa za majirani: gawa idadi ya watu kwa moja kujumlisha idadi hiyo ikizidishwa na mraba wa kosa unaloliruhusu. Ukiruhusu kosa la asilimia tano, taasisi ya watu 1,000 inakupa sampuli ya 286. Watu 10,000 wanakupa 385. Watu 100,000 wanakupa 398. Ongeza upendavyo, hutafika 400. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kazi iliyotengenezewa: kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani, ukiwa umewachagua kwa bahati nasibu. Mwanafunzi anaikokotoa kwa uangalifu mkubwa, anapata 286, kisha anagawa fomu kwa marafiki wa ofisini na waliokuwapo kantini mchana ule. Kanuni imetumika, bahati nasibu haimo.

Matokeo yanajulikana kabla ya safari. Kipimo cha Cronbach cha uthabiti wa maswali kimepita 0.7. Manufaa yana uhusiano chanya na nia ya kutumia. Mapendekezo: menejimenti itoe mafunzo zaidi. Sijawahi kukutana na tasnifu ya aina hii isiyopendekeza mafunzo zaidi.

Siwalaumu sana wanafunzi. Mtu aliyeajiriwa anapata likizo fupi, na dodoso linakusanywa ndani ya likizo fupi. Msimamizi wake ana wanafunzi wengine wengi, na majedwali yanasahihishwa haraka kuliko kurasa arobaini za mahojiano. Jopo la watahini limezoea kuona namba, ukiwaletea hadithi ya ofisi moja, kuna atakayeuliza, "Sayansi iko wapi?" Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote zinaishia kwenye dodoso lile lile.

Lakini kaa nyuma ya kaunta wiki mbili uone. Utaona pasiwedi imebandikwa ukingoni mwa skrini, na akaunti moja inatumiwa na watu watatu kwa sababu wawili hawajawahi kufunguliwa zao. Utaona daftari la pembeni, la jalada gumu, ambalo karani analiamini kuliko mfumo, na ambalo mkuu wake huliomba anapotaka jibu la haraka. Utaona kisanduku cha lazima ambacho hakuna anayejua kijazwe nini, kwa hiyo wote wanaandika sifuri nne. Utaona wateja wasiojua tarehe zao wakizaliwa wote mwanzoni mwa Januari. Utamsikia karani akimwambia mzee wa watu "mtandao uko chini, baba, rudi kesho" wakati mtandao uko juu. Kilichokuwa chini ni uvumilivu wake kwa skrini inayomrudisha mwanzo kila akikosea namba moja. Dodoso la Davis halina swali linaloweza kulipata hata moja kati ya hayo.

Hata M-Pesa isingekuwa kama tunavyoijua kama waliokuwa wakiijaribu nchini Kenya wangebaki na maswali yao ya awali. Majaribio yalianza 2005 yakilenga wakopaji wadogo warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa wakala mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, wasiibiwe njiani. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kazi yake ya mbele ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mikopo ilikuwa imesogezwa pembeni. Kuna aliyekuwa ametazama.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa afya, kwa sababu humo wanafunzi wenyewe wa shahada hizi walikuwa mafundi.

Afrika Kusini ilipotoka kwenye ubaguzi mwaka 1994 ilirithi idara za afya 14, zilizogawanywa kwa rangi za watu na kwa maeneo yaliyotengewa Waafrika. Kila idara ilikuwa na fomu zake. Hakuna aliyeweza kusema ni watoto wangapi wamechanjwa nchi nzima. Mnorwe Jørn Braa, akifanya uzamivu Chuo Kikuu cha Oslo, alishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Cape katika mradi wa mifumo ya taarifa za afya ulioitwa HISP. Walitumia jadi waliyoirithi kutoka kwa Kristen Nygaard, mmoja wa wawili waliobuni lugha ya programu ya Simula, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliacha starehe za maabara akafanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway. Nygaard alitaka mfanyakazi awe na sauti juu ya mashine atakayoitumia, na apate sauti hiyo kabla haijanunuliwa.

Kazi ya kwanza ya HISP haikuwa programu. Ilikuwa kukubaliana namba zipi zikusanywe. Watu wa chanjo walitaka fomu yao, watu wa uzazi yao, watu wa kifua kikuu yao, na muuguzi mmoja ndiye aliyezijaza zote. Kikao baada ya kikao wakapunguza mpaka ikabaki orodha fupi ambayo kila mtu aliikubali, na kila mkoa ukaruhusiwa kuongeza yake juu ya hiyo. Programu ilikuja kubeba makubaliano hayo: mwanzoni ilikuwa hifadhidata ya kawaida ya Microsoft Access kwenye kompyuta ya wilaya, baadaye ikaandikwa upya kama programu huria inayotumika kwenye intaneti. Hiyo ndiyo DHIS2. Ilianza kazi Kerala nchini India mwaka 2006, Kenya ikaisambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2013, na sasa inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kilichoiwezesha Kenya kukwepa kuweka seva katika kila wilaya kilikuwa modemu ndogo ya kampuni ya simu, kitu ambacho hakikuwamo kwenye mpango wa awali. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka Oslo, Dar es Salaam, Maputo na kwingineko walipita humo, wakaandika programu na tasnifu kwa pamoja.

Kwa Tanzania, DHIS2 ilikuta mwenyeji. MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ulikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa muuguzi MTUHA ni vitabu: vikubwa, vizito, vya safu nyingi. Fuata namba moja. Mama anafika zahanati na mtoto wa miaka mitatu mwenye homa. Kipimo kinaonyesha malaria. Muuguzi anaandika mstari mmoja kwenye rejista, kama foleni inamruhusu. Isipomruhusu, anaandika kwenye kipande cha karatasi ahamishie jioni. Mwisho wa mwezi mtu anapitia rejista ukurasa kwa ukurasa na kuhesabu kwa vijiti. Jumla inahamia kwenye fomu ya muhtasari. Fomu inapanda pikipiki au basi hadi wilayani katika wiki ya kwanza ya mwezi, na mratibu wa MTUHA anaiingiza kwenye DHIS2, akiwa na fomu za zahanati nyingine mezani na bando lililonunuliwa na nani sijui. Kuanzia hapo namba inasafiri kwa kasi ya umeme mpaka Wizarani, ambako inageuka mstari kwenye grafu, na grafu inaamua dawa ziende wapi.

Mtoto yule ameandikwa mara ngapi? Kama alirudi baada ya siku tatu, ni mgonjwa mpya au ni yule yule? Aliyehesabu vijiti usiku, taa ikififia, aliruka ukurasa? Ningempa digrii mwanafunzi atakayechukua namba moja tu kutoka zahanati tatu, akaifuata hatua kwa hatua hadi kwenye grafu, na kueleza ilibadilika wapi na kwa nini. Hatahitaji Yamane.

Wapo watakaosema hiyo si kujenga, na wao wamekuja kujenga. Sawa. Makala ya Hevner na wenzake ya mwaka 2004 iliwapa wajenzi heshima yao: kubuni kitu ni utafiti halali, ilimradi ukipime kwenye tatizo halisi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwanafunzi anatengeneza mfumo wa kusajili wageni wa hosteli, anauonyesha kwa jopo, unafanya kazi vizuri sana kwenye kompyuta yake, anapigiwa makofi, na mfumo unazikwa humo humo. Mwaka huo huo wa 2004, Braa, Eric Monteiro na Sundeep Sahay walieleza kwa nini majaribio ya sehemu moja hufa: mtafiti akiondoka, anaondoka na ujuzi, na kituo kimoja hakina nguvu ya kujilea chenyewe. Dawa yao ni kuunganisha vituo vingi tangu mapema, vifundishane. Kwa mwanafunzi mmoja mwenye miezi sita ni mzigo mkubwa, kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo zaidi: usianzishe mfumo mpya. Tafuta uliopo, unaotumika, wenye watu wanaoulalamikia, na urekebishe sehemu moja.

Mambo ya vibali yapite haraka, ingawa yenyewe hayapiti haraka. Kenya utaomba leseni ya utafiti kwa tume ya NACOSTI. Tanzania, ukigusa afya, kuna kibali cha maadili, na kisha ngazi ya barua: chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaiandikia halmashauri, halmashauri inamwandikia mganga mfawidhi, kila barua na muhuri wake. Anza mapema, piga nakala, na usikasirike mapokezi. Kuna pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Kupiga picha ukurasa wa rejista yenye majina ya wagonjwa kwa simu yako, eti uende kuhesabu nyumbani, si ujanja wa utafiti tena. Anayesomea usalama wa taarifa akifanya hivyo ananishangaza zaidi kuliko mwingine yeyote.

Kwa anayetafuta mada, nina moja. Vituo vingi vya afya sasa vina mfumo wa kompyuta wa kuandikisha na kutibu wagonjwa, na bado vinajaza vitabu vya MTUHA kwa mkono. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara mbili, na muuguzi ni yule yule. Jibu la haraka ni mazoea, na tasnifu ya dodoso ingeishia hapo na kupendekeza mafunzo. Nadhani si mazoea. Umeme unakatika na mgonjwa hasubiri. Msimamizi akitoka wilayani anataka kufunua kurasa, aone wino. Dawa zisipolingana na wagonjwa, kitabu chenye mwandiko ndicho kitakachomtetea muuguzi. Au pengine nimekosea, na sababu ni nyingine ambayo hakuna aliyekaa pale muda wa kutosha kuiona. Msimamizi wako atakuuliza sampuli ni watu wangapi. Mwambie ni vituo viwili, miezi mitatu, zamu za usiku zikiwamo.